Mashine Chumbani kwa Mama Mkwe

Siku mama mkwe wake alipoingia uani na mkeka kichwani, Sylvestre alifurahi kwa moyo wote. Alimshukuru Mungu kwamba mzee ametoka kwenye mauaji ya kijiji cha Makobola akiwa hai, akapokea mkeka, akageuza uso pembeni kama adabu inavyotaka, na kabla furaha haijamtulia kifuani akatambua kwamba amepoteza mashine yake.

Nyumba yao ya Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, ilikuwa na vyumba vitatu. Sebuleni walilala watoto. Chumba cha pili kilikuwa cha Sylvestre na mkewe Blandine. Cha tatu, kile cha nyuma chenye dirisha linalotazama mpapai, kilikuwa cha mashine ya kukausha nguo, na hapakuwa na pengine pa kumlaza mzee. Na mwanamume, kwa desturi ya watu wa ukingo ule wa ziwa, haingii chumba anacholala mama wa mkewe. Haingii akiwemo, haingii asipokuwemo. Hakalii kiti chake, hali mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitishia kwa mkewe. Vita vilikuwa vimekwisha kuvunja maduka, madaraja na ndoa kadhaa, lakini jambo hilo vilikuwa havijalivunja.

Basi mama Apollinarie akalazwa humo, na Sylvestre akasimama nje ya pazia akitoa maagizo. Mashine isipigwe kwa kiwiko. Kitambaa cha kufuma kilicho juu yake kisiondolewe. Na kile kijidroo kilicho chini ya mlango wake kisiguswe na mtu yeyote, kwa kuwa hata bosi hakukigusa. Blandine aliyarudia yote kwa mama yake, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye pazia na ameyasikia yote. Mzee akamjibu binti yake kwamba amesikia, na binti akamjibu mumewe kwamba mama amesikia.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Sylvestre alikuwa karani bandarini Kalundu, na vita vya kwanza vilipobisha hodi bosi wake Mzungu alipanda boti na sanduku moja, akamwachia funguo za nyumba na kila kilichomo. Kila kilichomo kilichukuliwa na wenye bunduki wiki ileile, mpaka vitasa vya milango. Mashine waliiacha, maana ilikuwa nzito na hakuna aliyejua ni ya nini. Sylvestre akaileta Kimanga kwa mkokoteni, imefunikwa majani ya migomba kama marehemu wa siri. Mlango wake haukujifunga, ulifungwa kwa kamba.

Mtu wa mbali atauliza mashine ya kukausha nguo ni ya nini Uvira, mahali ambapo jua halina ubahili. Hajui miaka ile. Miaka ile nguo iliyoanikwa nje ilikuwa na miguu. Ulianika shati asubuhi, na adhuhuri ulilikuta barabarani limevaliwa na askari anayekuomba kitambulisho, nawe ukampa kitambulisho na pongezi. Ndiyo maana watu walileta nguo zao mbichi kwa Blandine, zimefichwa kwenye beseni chini ya majani ya muhogo, na umeme ulipokuja zilizungushwa ndani kwa ndani mpaka zikakauka. Walilipa kwa walichokuwa nacho: unga, makaa, kipande cha sabuni. Bandari ilikuwa imelala na mshahara umelala nayo. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, na ikisimama, na masufuria yangesimama.

Kwa hiyo Sylvestre aliitunza, kwa namna yake. Aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila Jumamosi, akaisemesha, akaifunika. Ndani hakufungua. Aliamini kwamba mashine ya watu, kama tumbo la watu, haifunguliwi ila na aliyeiumba.

Mvua za masika zilikuja na mambo yake. Kwanza alikuwa katekista Frédéric. Alichukua shati lake jeupe Jumamosi, likiwa kavu na limekunjwa vizuri, na Jumapili akaingia nalo kanisani akifuatwa na paka wawili. Watu walidhani ni bahati mbaya. Lakini paka hao walikaa chini ya mimbari mafundisho yote, wakimtazama kwa imani ambayo waumini wengi hawakuwa nayo.

Kisha akaja Félicité, jirani wa ukuta mmoja, amebeba mashuka yake mkono umenyooshwa mbali na pua. Aliyaweka mezani mbele ya wageni wawili na kusema kwa upole unaouma kwamba yeye alileta mashuka, hakuleta kitoweo.

Sylvestre aliona aibu ikipanda mpaka masikioni. Alikuwa mtu wa kalamu na karatasi; hakuzoea kunuswa hadharani.

"Mama Félicité, hii ni moteur," alisema. "Moteur ya Bazungu ikichoka, iko natoa harufu kama ya samaki. Bosi alinielezea."

Bosi hakumweleza chochote. Lakini uongo ukishatoka kinywani unataka nyumba ya kukaa, na wiki ile nzima Sylvestre aliujengea. Alieleza habari za moteur, yaani mota, kwa mwuza makaa, kwa katekista, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Alipomhoji mkewe, Blandine aliinama juu ya sufuria na kusema labda ni sabuni. Mama Apollinarie, nyuma ya pazia, alizidi kukunja nguo.

Mzee huyo hakuwa msemaji tangu alipofika. Alichokiona Makobola hakukisimulia, na wenyeji wake walikuwa na utu wa kutokumuuliza. Alikula kidogo, akaosha vyombo kabla hajaombwa, na asubuhi alishuka ufukweni na kikapu kuwasaidia wavuvi kutengeneza nyavu. Sylvestre alimpisha njiani akiangalia mawingu, na kikapu hakukitazama. Kutazama kikapu cha mama mkwe nako si adabu.

Alasiri moja umeme ulikuja, Blandine akawasha, na mashine ikanguruma bila kuzunguka. Ilinguruma hivyo hivyo kama mzee anayetaka kuamka kitini akashindwa, halafu pakatokea harufu ya mpira ulioungua juu ya ile ya samaki. Blandine akaizima mbio.

Mabeseni yalijaa sebuleni. Nguo za watu zilianza kuchacha, wenyewe wakaanza kupita mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kujali. Félicité alitangaza kwamba yeye sasa anakaushia mashuka jikoni kwake juu ya moshi, na kwamba moshi angalau haumdanganyi mtu. Sylvestre alizunguka pazia la chumba cha nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mashine ilikuwa hatua chache kutoka alipo, na kama ingekuwa Bujumbura isingekuwa mbali zaidi.

Akavaa kofia, akaenda mtaa wa Kilibula kumtafuta Nzeyimana.

Nzeyimana alikuwa na kinu cha kusagia mihogo, na mwenye kinu huitwa kila mahali penye kitu kinachozunguka. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, mnene, mwenye subira, na alikuja chini ya mwavuli wa Sylvestre akiwa na mkanda wa ziada wa kinu shingoni. Alipita sebule, akaruka mabeseni, akanyanyua mguu kuvuka pazia. Hapo akasita, mguu ukiwa bado juu.

"Humu kunalala nani?"

Sylvestre akamwambia ni mama mkwe wake. Nzeyimana akauliza ni wa wapi. Wa Makobola. Wa nyumba gani ya Makobola? Sylvestre akataja nyumba. Nzeyimana akaushusha mguu wake taratibu na kuurudisha ulikotoka.

"Mama ya muke yangu Sabine, na huyu mama, ni batoto ba ndugu," alisema. "Basi na minye ni mukwe yake. Siingie mule."

Walisimama wawili wakilitazama pazia. Kumhamisha mzee kwa muda hakukusaidia, maana chumba ni chake hata akiwa sokoni. Kuitoa mashine nje kulitaka mtu aingie kwanza, na hata ikitoka, barabara ilijaa askari ambao safari hii wangejua ni ya nini. Kutafuta fundi mwingine kulimaanisha kutafuta mwanamume wa Uvira ambaye hajaoa Makobola, hajaposa Makobola, wala hana ndugu aliyefanya hivyo. Nzeyimana alifikiri kwa haki akakiri kwamba hamjui.

Lisilo budi hutendwa. Wanaume wawili walizunguka nyumba, wakasimama nje ya dirisha chini ya mwavuli mmoja, migongo imeligeukia dirisha na nyuso zimeutazama mpapai. Ndani, Blandine na mama yake walifunga vitenge viunoni na kupewa bisibisi kwa kupitishwa nyuma ya mgongo. Matengenezo yakaanza.

Kazi ilikwenda hivi. Nzeyimana aliuambia mpapai kwamba zifunguliwe zile parafujo za ubavuni. Sylvestre alimwambia Blandine. Blandine alimwambia mama yake, ambaye alikuwa ameanza kuzifungua tangu mpapai ulipoambiwa. Mama alimjibu Blandine kwamba moja imeshika kutu. Blandine alilifikishia dirisha, na Nzeyimana, aliyesikia tangu mwanzo, alisubiri Sylvestre amalize kumweleza ndipo ajibu. Mvua iliwapiga wote wawili mabegani, kila mmoja bega moja, maana mwavuli ulikuwa wa mtu mmoja.

"Mukaba iko?" aliuliza Nzeyimana.

"Mama anasema mukaba iko," likajibu dirisha. "Lakini iko mu vipande bibili."

Mkanda ulikuwa umekatika. Nzeyimana akasema mkanda haukatiki bure, kuna kitu kilicholizuia pipa lake lisizunguke, na akauliza kama mashine ina mahali pa kukusanyia nyuzi za nguo. Sylvestre alisema hapana. Blandine, kutoka ndani, alisema kuna kile kijidroo.

Sylvestre alisema kijidroo hakiguswi. Nzeyimana, bila kugeuka, akamwambia kwamba hata kinu chake yeye hukipangusa matumbo kila jioni, na kinu hakila ila mihogo. Wakabishana kidogo, mmoja akitetea bosi na mwingine akitetea kinu, mpaka kikasikika ndani kitu kikivutwa, kikagoma, kikavutwa tena, kisha kikatoka kwa kishindo.

Paka wa Félicité alitokea juu ya ukuta, akaketi.

"Kuna uchafu," Blandine alisema hatimaye.

"Uchafu gani?"

"Ya manguo." Akachungulia tena. "Na ingine."

Harufu ikatoka dirishani yenyewe bila kupitishiwa na mtu. Nzeyimana aliutazama mpapai kwa bidii, kama mtu aliyeahidiwa kwamba utazaa sasa hivi, na tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko. Sylvestre akaelewa yote kwa mara moja: kikapu cha asubuhi, paka wa kanisani, mashuka ya Félicité. Ndagala, wale dagaa wa ziwani! Mama mkwe wake alikuwa akikausha ndagala kwenye mashine ya bosi. Na yeye, mchana kweupe, aliwaapia watu wa Kimanga habari za moteur.

Hasira ilimjaa. Alifungua kinywa apige kelele, na hapo ndipo alipogundua kwamba hana wa kumpigia. Mama mkwe hakemewi. Mke akikemewa, mama anasikia. Mpapai haukuwa na kosa. Akabaki kinywa wazi, maji ya mvua yakimwingia.

Mama Apollinarie ndiye aliyesema. Alimwambia binti yake, lakini kwa sauti ya mtu anayesema na ng'ambo ya mto.

"Mwambie mukwe yangu hivi. Mgeni wanamupatia jembe siku ya tatu. Minye mvua inapita na nyingine inakuja, niko nakula bugali yake, na jembe sijaliona. Bavuvi wananipa ndagala sababu ya nyavu. Zamani nazianika mu mchanga. Hapa mchanga ni ya baaskari na mvua iko naozesha. Nikaona hii kitu iko nakausha. Nikasema, nisile bure."

Blandine akaongeza, safari hii bila kutumwa na mtu, kwamba ndagala hizo mama alizifunga ndani ya kipande cha chandarua ili zisitawanyike, ila chandarua kilipasuka. Na kwamba unga waliokula tangu wiki iliyopita, ambao mumewe, Baba Délice, aliusifu kwa weupe wake, haukutoka kwenye nguo. Ziliuzwa ndagala, ukanunuliwa unga. Kisha akatoa mkono dirishani, akaweka ukingoni kitu cha kijivu, kinene kama kipande cha godoro.

"Na hii ilikuwa chini ya zile ndagala," alisema. "Hii mama hakuileta. Hii ni ya miaka yetu."

Sylvestre alikitazama kwa pembe ya jicho. Yalikuwa manyoya ya nguo zote alizowahi kukausha tangu bosi apande boti, yameshindiliwa mpaka hewa ikakosa pa kupita. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikisongwa roho na watu wawili, mmoja kwa ndagala na mwingine kwa heshima. Aibu iliyompanda sasa ilikuwa ya aina nyingine. Alikuwa amemlaza mama wa mkewe kando ya mashine, akamwamuru asiiguse, na hakuwahi kufikiri kwamba mikono ile iliyofanya kazi maisha yote ilikuwa inaumwa kwa kukaa bure.

"Mwambie mama," alianza, akaushika mkanda shingoni mwa Nzeyimana. "Mwambie mama, mukaba ya kinu iko nakuja."

Nzeyimana alipitisha mkanda nyuma ya mgongo. Ulikuwa mrefu mno kwa pipa lile. Alieleza jinsi ya kuukata, na ndani wakaukata, lakini hakuna gundi ambayo ingeshika. Mama Apollinarie akauunganisha kwa uzi wa nyavu, kwa fundo lile ambalo wavuvi hufunga wavu wa kuvuta. Wakapangusa kijidroo kwa maji ya moto, wakarudisha parafujo, wakasubiri umeme.

Ulipokuja, mashine ilizunguka. Ilizunguka kwa wepesi ambao Sylvestre hakuwahi kuusikia, hewa moto ikapuliza dirishani mpaka ikawafikia wanaume shingoni. Ila kila fundo lilipopita juu ya gurudumu, mashine iligonga kishindo kimoja. Du. Ikazunguka. Du. Nzeyimana alisikiliza akasema inachechemea, lakini itafika. Alilipwa beseni la unga na hakukubali kuondoka bila ndagala.

Siku zilizofuata mabeseni yalianza kupungua. Mashine iligonga du, du, du kila umeme ulipokuja, na Kimanga ikajua kwamba kwa Sylvestre kuna uhai. Ubaya ni kwamba sauti haina pazia. Katika nyumba kubwa ya barabarani, iliyokuwa ya mfanyabiashara mmoja kabla haijawa ya serikali ya mwezi ule, kulikaa kamanda mgeni aliyeletwa na vita kutoka mbali. Aliisikia ile du, akaihesabu, akaamua kwamba kuna watu wanajaribu silaha nzito mtaani kwake.

Alifika alasiri yenye mvua, na askari wawili mbele. Félicité na majirani wengine walisogea ukutani kutazama, kama watu wanavyotazama nyumba ya mwenzao ikiungua. Kamanda alitaka kujua silaha iko wapi.

"Ni mashine ya manguo, Komanda," alisema Sylvestre. "Iko nakausha."

Kamanda akasikiliza. Du. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayekumbuka nyumbani. Alitazama mikono ya koti lake, iliyokuwa na ukungu wa kijani tangu mvua zianze, akasema vizuri sana, mashine hiyo inahitajika kwa kazi ya vita, ibebwe.

Ikibebwa, hakuna unga. Sylvestre aliona sufuria tupu, akaona watoto wake, akaona mama Apollinarie akikunja mkeka wake ule ule kwenda kutafuta mahali pengine pa kutokuwa mzigo. Alisema kwa sauti iliyopasuka kwamba yeye hawezi kuwaonyesha, chumba ni cha mama mkwe wake. Kamanda akacheka, akawatuma askari. Askari walikuwa vijana wa huku huku. Wakafika kwenye pazia, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo mama huyo ni wa wapi. Wa Makobola. Askari akarudi nyuma hatua mbili, akasema yeye ameposa huko. Mwenzake akasema dada yake ameolewa huko, na kwa usalama naye akarudi. Kamanda akawatukana wote wawili, akaenda mwenyewe, akashika ukingo wa pazia.

"Nani huyo?" iliuliza sauti ya ndani, tulivu kabisa.

"Ni Komanda, mama," alisema Blandine.

"Komanda alioa wapi?"

Hakuna aliyekuwa hajui. Kamanda alikuwa amemchukua Léocadie, binti wa wakimbizi wa Makobola, na wajomba wa Léocadie, bila bunduki hata moja, walikuwa wamemtoza mbuzi wawili. Blandine alilisema jina.

"Léocadie," alisema mzee. "Nyanya yake na minye tulinyonya titi moja. Basi huyo ni mukwe yangu. Aingie kama anaingia. Lakini mumwambie kikwembe yangu ni kimoja tu, na kiko mu mashine. Minye niko vile nilizaliwa."

Du, ilisema mashine. Du.

Mkono wa kamanda ulibaki kwenye pazia. Sylvestre aliutazama mkono ule kuliko alivyowahi kutazama kitu duniani. Kamanda alikuwa ametoka mbali, na huenda kwao mambo haya hayakuwepo. Lakini alilala na Léocadie, na Léocadie alikuwa amekwisha kumweleza nini humpata mwanamume aonaye uchi wa mama mkwe wake, jinsi anavyotetemeka mikono mpaka kaburini. Na hata kama hakuamini, ukutani walisimama majirani ambao wangeifikisha habari sokoni kabla yeye hajafika nyumbani. Jeshi gani linamtii mtu aliyemvua mama mkwe pazia?

Aliachia. Halafu, kwa kuwa mkubwa hawezi kugeuka bure, alinusa hewa.

"Hii mashine iko nanuka samaki," alisema.

Wote walimtazama Sylvestre. Félicité alimtazama kuliko wote. Wiki kadhaa alikuwa amewaapia kwa jina la bosi kwamba si samaki, kwamba ni moteur, kwamba wao ndio hawajui vitu vya watu.

"Ndiyo, Komanda," alisema Sylvestre, kwa sauti ya kutosha mpaka ukutani. "Iko nanuka samaki sana. Tuko nakaushia ndagala ndani. Manguo yote ya Kimanga yananuka sababu yetu. Tena ni mbovu, iko nachechemea, tumeishona na uzi ya nyavu. Haina heshima hata kidogo."

Kamanda alitikisa kichwa kwa huruma, akawaambia askari wawaachie watu samaki wao. Wakaenda zao mvuani.

Sylvestre aliketi kwenye kizingiti kilicholoweshwa na buti, chini ya pazia. Mashine iliendelea kuchechemea ndani. Alisikiliza kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipooa.

"Mama," alisema.

Blandine alifungua kinywa alipitishe neno hilo, akakifunga.

"Mama, ndagala zimebaki?"

"Zimebaki kikapu kimoja, mwanangu."

"Manguo kwanza. Ndagala nyuma. Na kile kijidroo..."

"Kijidroo nitakipangusa minye," alisema mama Apollinarie. "Weye ubaki na kitambaa chako cha juu."

Utaratibu ukawa huo, na ungekuwa mzuri kabisa kama Léocadie asingetokea wiki iliyofuata kwa mlango wa uani, amepiga magoti kumwamkia bibi yake, na chini ya majani ya muhogo kwenye beseni lake pakiwa na sare ya kamanda. Alichagua siku mbaya. Umeme ulikatika baada ya ndagala na kurudi kabla ya kijidroo kupanguswa, na sare ikaingia hivyo hivyo.

Jumapili kulikuwa na gwaride barabarani, na Kimanga iliamriwa kuhudhuria. Kamanda alipita mbele, sare imekauka vizuri, mgongo umenyooka. Nyuma yake walifuata paka watatu, mikia juu, hatua kwa hatua na ngoma. Hakuna aliyecheka, kila mtu alijipenda. Askari mmoja, aliyeona haya kwa ajili ya mkubwa wake, aliuliza kwa ukali ile ni harufu ya nini. Ni Félicité aliyemjibu, na uso wake haukutikisika.

"Ni moteur," alisema. "Moteur ya Bazungu ikichoka, iko natoa harufu kama hii."

Sylvestre alikimbia nyumbani kabla gwaride halijaisha. Aliketi kwenye kizingiti, akiligeuzia pazia mgongo kama adabu inavyotaka, akamsimulia mama mkwe wake yote, paka mmoja mmoja. Alipofika kwa Félicité, alisikia nyuma yake kitu ambacho mwanzoni alidhani ni mashine. Lakini umeme haukuwepo. Ni mama Apollinarie aliyekuwa anacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua chote, mpaka ikambidi ashike ukuta. Tangu alipotoka Makobola hawakuwa wamemsikia akicheka. Blandine aliacha sufuria jikoni, akaja kusimama mlangoni asikilize, na bugali ikaungua, na siku hiyo waliila hivyo hivyo.